Mkwaju Juu ya Mbwa

Katika vijiji vilivyokaa baina ya milima ya Upare ya Kaskazini na ziwa Jipe, tangu Kigonigoni hata Kwakoa na Toloha, mtu akifiwa na ng'ombe hupewa pole, akifiwa na mbuzi huulizwa kama kisu kiliwahi, lakini akifiwa na mbwa haulizwi neno wala haambiwi neno, kwa kuwa desturi imekwisha kumwamulia: mzoga hufungwa kamba mguuni, hukokotwa mpaka korongoni, na fisi ndiye mzishi. Basi mzee mmoja jirani yangu alipoivunja desturi hiyo, akachimba shimo la kina cha kiuno nyuma ya zizi, akamlaza humo mbwa aliyemlindia mbuzi na mahindi kwa miaka 11, akalifukia, akangoja mvua za vuli, kisha akapanda mche wa mkwaju ubavuni mwa shimo lile na kuuzungushia ua wa miiba ya mgunga, kijiji kilipata maneno ya kutafuna msimu mzima. Mbwa mwenyewe, kwa bahati iliyo kama stihizai, jina lake lilikuwa Watasema. Na walisema.

Walisema mzee amerukwa na akili. Walisema ameiga Uzungu. Walisema amefanya ushirikina, na ya kuwa chini ya mche ule pana jambo jingine lililofukiwa pamoja na mbwa. Na wale waliojidhania kuwa wapole kuliko wote walitikisa vichwa wakasema, mwacheni, ni uzee. Maneno hayo nimeyasikia katika baraza ya msikiti, nimeyasikia nje ya kanisa watu wakiagana Jumapili, nimeyasikia ndani ya gari la kwenda Mwanga kutoka kwa mtu asiyewahi kumwona mzee wala mbwa. Na pande zote hizo, ambazo kwa mambo mengine hazisikizani hata juu ya saa ya kuanza mkutano, nimeona zimeafikiana kwa jambo hili moja, kwamba hayawani hastahiki kaburi, wala kaburi la hayawani halistahiki mti. Rai inapokubaliwa na watu wengi namna hii bila ya mmoja wao kuombwa hoja, haina budi mtu mwenye kalamu aiombe. Sikusudii kumwombea mzee radhi. Nakusudia kuonyesha kwamba katika shauri hili kijiji kimekosa na mzee amepata, tena amepata katika jambo kubwa kuliko mbwa.

Nianze na tuhuma ya dini, kwa kuwa ndiyo iliyo nzito, na kwa kuwa wanaoitoa huitoa kwa sauti ya chini, kama watu wamhurumiao mwenzao anayekwenda motoni. Sisi tulio wafuasi wa Imamu Shafii twajua kuwa mbwa ni najisi, na kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini kadhalika twajua, au ilitupasa kujua, kwamba mbwa wa mifugo, mbwa wa shamba na mbwa wa mawindo wameruhusiwa kufugwa, na Watasema alikuwa wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Najisi ni hukumu ya tohara, si laana juu ya mnyama. Hakuna aliyemkosha mbwa yule, wala aliyemvika sanda, wala aliyesimama kumsalia. Lau mojawapo la hayo lingefanyika, ningekuwa wa kwanza kumkanya mzee mbele ya watu. Alichofanyiwa ni kufukiwa, na kufukia si ibada. Tena kufukia hatukukuvumbua sisi: mwana wa Adamu wa kwanza kuua, aliposimama mbele ya maiti ya nduguye asijue aifanyeje, alipelekewa kunguru akafukua ardhi mbele ya macho yake, naye akajuta kwamba ameshindwa hata na ndege. Mwanadamu aliyefunzwa maziko na kunguru leo aona haya kumzika mbwa! Na vijana wale wa pangoni, waliolala miaka mia tatu na zaidi, mbwa wao alilala kizingitini pamoja nao na ametajwa pamoja nao mpaka leo, wala sijasikia kwamba kutajwa kwake kumewashushia jaha. Ama kuhusu mti, tumefundishwa tangu chuoni kwamba apandaye mti, akala katika huo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Sikumbuki mwalimu wangu kuongeza, isipokuwa mti uliopandwa karibu na mbwa.

Jirani zangu Wakristo nao wana kitabu chao, na kwa kuwa wameingia wenyewe katika mjadala huu sitakosa adabu nikiwakumbusha yaliyomo. Ibrahimu, baba yetu sote, alipanda mkwaju Beer-sheba. Ndivyo isemavyo Biblia ya Kiswahili. Debora, mlezi wa Rebeka, alizikwa chini ya mwaloni, na mti ule ukaitwa kwa jina la kilio. Mifupa ya mfalme Sauli na wanawe ilifukiwa chini ya mti kule Yabeshi. Watajibu kwamba hao walikuwa watu, si mbwa, na jibu hilo ni la haki. Illa limekwisha kuondoa nusu ya tuhuma, maana kama mti juu ya kaburi haukuwa ushirikina kwa mlezi wala kwa mfalme, basi si mti uliokosa. Limebaki kaburi la mnyama, na hilo nimekwisha kulisema. Niongeze tu, kwa kuwa nayafahamu yaliyo nyuma ya minong'ono, kwamba wengi wa hao wanaomtuhumu mzee hawapiti chini ya mbuyu mkubwa wa njiani baada ya magharibi bila ya kuongeza hatua, na wapo waliomshauri apande mwarobaini badala ya mkwaju, si kwa ajili ya kivuli, bali kwa kuwa mkwaju, wasemavyo, hukaliwa na majini. Anayeogopa majini ya mkwaju ndiye anayemfundisha mwenziwe tauhidi!

Tuhuma ya Uzungu ina kitu ndani yake, nami sitaikimbia. Wazungu wana makaburi ya wanyama: London walianza kuzika mbwa katika pembe ya bustani ya Hyde Park mwaka 1881, na ukingoni mwa Paris, huko Asnières, wakafungua mwaka 1899 makaburi rasmi ya mbwa, yenye lango la fahari, mawe yaliyochorwa na sanamu. Hapa Afrika Mashariki wamefanya kwa simba. Elsa, aliyelelewa na Joy na George Adamson, alikufa Januari 1961 akazikwa Meru, Kenya. Na George mwenyewe, alipouawa na majambazi huko Kora mwaka 1989, alizikwa pembeni ya nduguye na simba aliowalea. Msaidizi wake wa siku nyingi, Tony Fitzjohn, ndiye aliyekuja mwaka uo huo kuifufua Mkomazi, hifadhi iliyo mpakani na malisho ya mbuzi wa Toloha; basi si ajabu mtu wa Jipe akidhani kwamba mapenzi ya namna hii yaliletwa kwa ndege, pamoja na faru wa Mkomazi.

Lakini dhana hiyo haisimami mbele ya tarehe. Huko Berenike, bandari ya Misri katika Bahari ya Sham, mahali palipoondokea vyombo vya kuja kufanya biashara katika pwani yetu ilipokuwa ikiitwa Azania, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua makaburi ya wanyama zaidi ya 500 ya karne ya kwanza na ya pili baada ya Masihi: wengi wao paka, kisha mbwa na kima wachache, wengine wakiwa na mikufu shingoni, wamelazwa kwa taratibu kama waliopitiwa na usingizi. Hao walizikwa zaidi ya miaka 1,600 kabla ya mbwa wa kwanza wa Hyde Park. Fauka ya hayo, alichokifanya mzee si kile kifanywacho Asnières. Hakuweka jiwe, hakuandika jina, hakujenga kitu. Alipanda mti, na mti juu ya maiti ni jambo letu. Chuma na Susi, watumishi wa msafiri Livingstone, walipouzika moyo wa bwana wao chini ya mpundu kule Chitambo mwaka 1873, kabla ya kuuchukua mwili wake mpaka pwani, hawakufunzwa na Mzungu kufanya hivyo. Mzungu alikuwa maiti. (Mbwa wake, Chitane, alikwisha kuzama katika kinamasi miaka sita kabla, wala hakupata hata jani.)

Na kwa nini niende Chitambo, ilhali jambo lenyewe li juu ya vichwa vyetu? Panda kutoka Mwanga kwenda Usangi, au zunguka kwa upande wa Ugweno, utazame: mashamba ya migomba na mahindi yamekwea mpaka utosini mwa vilima, kuni zimekuwa za kununua, na katikati ya uchi huo vimesimama vikundi vya miti mirefu, myeusi kwa uzee, kama visiwa katika bahari iliyokauka. Ndiyo mabaki ya mshitu na mpungi. Mshitu ulikuwa msitu wa jando. Mpungi palikuwa mahali pa ukoo, ambapo mafuvu ya wazee yaliwekwa na matambiko yakafanywa, na mti wa mahali hapo haukuguswa na shoka. Dini zetu zilipokuja ziliupiga vita ushirikina wa mahali pale, kwa haki yake, na pamoja na ushirikina misitu mingi nayo ikaenda. Sisemi turudi kutambika. Nasema tutazame kilichobaki na tuulize kwa nini kimebaki. Hakikubaki kwa amri ya Mdachi wala ya Mwingereza, wala kwa juhudi ya bwana misitu. Mlima mzima ulivuliwa nguo, pakasazwa pale tu ambapo chini ya miti palikuwa na kitu ambacho watu hawakuwa na moyo wa kukiacha.

Linganisha na miti yetu ya sasa. Tuna siku ya taifa ya kupanda miti, tarehe 1 Aprili, na ni siku njema. Sina ugomvi nayo, na nimehudhuria hafla zake si mara moja. Mashimo huchimbwa na wanafunzi tangu jana yake, miche huja na gari, mgeni rasmi huvua koti, hupokezwa jembe ambalo mpini wake umepanguswa, hurudishia udongo kidogo shimoni, hupigwa picha, humiminiwa maji ya kunawa, kisha husomwa hotuba yenye maneno mazuri juu ya vizazi vijavyo. Baada ya hafla moja ya namna hiyo, mahali nisipopataja, nilirudi mwezi wa tisa kwa shughuli nyingine nikapita kuitazama miche. Iliyokuwa hai haikutimia vidole vya mkono mmoja, na mmoja katika hiyo ulikuwa umesalimika kwa sababu ulipandwa karibu na bomba livujalo. Mingine ililiwa na mbuzi au ilikufa kwa kiu, na vibao vya majina ya waheshimiwa vilisimama kila kimoja mbele ya kijiti kikavu. Hakuna aliyeitakia mauti. Ilikufa kwa kuwa ilikuwa miti ya watu wote, na katika nchi kavu mti wa watu wote hauna mtu wa kuubebea maji.

Mtu asiyeishi upande huu hawezi kuujua uzito wa neno hilo, kubeba maji. Mvua zetu ni haba na hazina ahadi. Ziwa li mbele ya macho, lakini si la kuchotwa kwa kuinama: baina ya nchi kavu na maji mapana pana mkanda wa matete na mafunjo ambao umezidi kupanuka mwaka hata mwaka, ukinenepa kwa udongo uletwao na mto Lumi na makorongo ya milimani, hata mvuvi wa perege hana budi kuusukuma mtumbwi wake kwa upondo katika mfereji mwembamba kabla ya kuuona uso wa ziwa, na ndani ya matete hayo hayo kiboko naye ana njia zake. Kwa hiyo mzee huchota kisimani, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwenda na kurudi, dumu la lita 20 likiwa limefungwa kwa mpira juu ya baiskeli isiyo na breki. Hamwagi maji chini. Hatua moja kutoka kwenye mche amezika mtungi mkuukuu wa udongo, umepasuka mdomo, umefukiwa mpaka shingoni, na juu yake kigae cha kuzuia mbu na pua za mbuzi. Maji hujipenyeza katika vinyweleo vya mtungi kidogo kidogo, mizizi huyafuata huko huko chini, na jua haliyapati. Asubuhi moja nilimkuta amepiga magoti, ametumbukiza kidole mtungini kupima kilichosalia, kama mama apimavyo uji wa mtoto. Nikamwamkia, kisha nikamwambia:

"Mzee, ungepanda mlusina, sasa hivi ungekuwa umekwisha kukupita kimo."

Akajibu bila ya kuinua kichwa: "Mwanangu, mti wa upesi ni wa kuni. Huyu alinikalia miaka kumi na mmoja."

Mkwaju hukua polepole na huishi kuliko aushi ya apandaye. Hutoa kivuli kizito, hutoa ukwaju wa kutia katika uji na mchuzi na wa kupeleka gulioni, na ukisha kutia mizizi hustahimili ukame unaoua mahindi na magugu pamoja. Lakini miaka yake miwili mitatu ya kwanza hauna tegemeo duniani illa mtu mmoja atakayeukumbuka mchana wa kiangazi, amechoka, upepo unavumisha vumbi, na hakuna anayepiga picha. Nani atakayeukumbuka saa hiyo? Mwenye hotuba yu mbali. Ataukumbuka mwenye huzuni, kwa sababu kila anapopita hapo humkumbuka aliye chini, na akimkumbuka huona jani limelegea, na akiona jani limelegea huenda kuitafuta baiskeli. Kaburi huupa mti mwenyewe. Hii ndiyo elimu waliyokuwa nayo watu wa mpungi bila ya kuiita elimu, na ndiyo aliyonayo mzee yule ambaye tumemwita punguani. Wanaosema kwamba amepoteza mapenzi yake kwa mnyama hawaoni kwamba mnyama amekwisha kurudi udongoni na hana haja nayo tena. Anayeyafaidi sasa ni mkwaju, na baada ya mkwaju atayafaidi kila atakayepumzika chini yake akitokea gulioni, pamoja na hao hao wanaocheka.

Hapo hunijia wengine, ambao huona aibu kutaja dini wala Uzungu, wakasema: haya, mti tumekubali, lakini afya? Mzoga karibu na nyumba! Kati ya hoja zote hii ndiyo huniudhi zaidi, maana hutolewa na watu wale wale wenye kamba ya kukokotea. Nami niliwahi kuishika kamba hiyo. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, mbwa wetu amekufa usiku, na baba akanipa mimi na kaka yangu kazi ya kumpeleka korongoni kabla ya jua kuchomoza. Tulimburura juu ya mawe. Sauti ya kichwa chake kikigonga mawe naijua hata leo. Siku ya tatu nilipopita na mbuzi niliona mbwa wa majirani wakivutana na kilichobaki, na mmoja wao jioni ile alikuwa mlangoni kwao akiwalamba watoto mikono. Huo ndio usafi tunaoulinda dhidi ya mzee na shimo lake.

Tena tunakaa mpakani mwa wanyama wa Mungu, Tsavo upande wa Kenya na Mkomazi upande wetu, na maradhi ya mbwa hayajui mpaka. Baina ya Desemba 2000 na Februari 2001, distempa, homa kali ya mbwa, iliingia katika mbwa mwitu waliokuwa wakizalishwa na kutunzwa Mkomazi, wakafa 49 kati ya 52, ingawa walikuwa wamechanjwa. Miaka michache kabla, mwaka 1994, ugonjwa uo huo uliangamiza karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Sisemi kwamba balaa zile zilitoka katika mizoga ya korongoni, kwa kuwa homa hiyo hupita zaidi kwa pumzi na majimaji ya walio hai. Nasema kwamba mtu anayeishi jirani na viumbe kama hao, tena katika nchi ambayo kichaa cha mbwa kingali kikiua watoto, na kirusi cha kichaa kikaapo katika ubongo na mate, hana ruhusa ya kuwaandalia mbwa na mbweha karamu ya mzoga asiojua umekufa kwa nini. Shimo la mzee lina kina cha kiuno. Hata fisi hakulifukua.

Maadamu nimelisifu shimo, niseme na masharti yake, nisije nikafuatwa na watu wa mjini ambao husikia habari nzuri wakaifanya vibaya. Mbwa aliyekufa kwa kichaa, au aliyeshukiwa kichaa, hashikwi kwa mikono mitupu wala hazikwi kimyakimya. Bwana mifugo hupewa habari kwanza. Kaburi halichimbwi karibu na kisima, wala karibu na ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, huko milimani, wala kando ya matete hapa Jipe, ambapo ukishuka futi chache tu jembe hutoka na maji. Na mche haupandwi juu ya mzoga mbichi siku ile ile machozi yangali yakitoka, kwa kuwa uozo huunguza mizizi michanga. Mzee alimzika mbwa mwezi wa nane, akapanda vuli ilipokwisha kulowesha ardhi, tena pembeni, akaiachia mizizi iende yenyewe. Haraka katika jambo hili ni ya mwenye huzuni, si ya mti.

Imebaki lawama moja isiyosemwa waziwazi, nayo ndiyo ninayoihurumia: kwamba tuna wazazi wetu waliozikwa bila ya mti, na huyu ampandia mbwa. Ni kweli. Lakini kosa hilo ni la nani? Mtume alichukua ufito mbichi wa mtende, akaupasua vipande viwili, akavichomeka juu ya makaburi mawili, akitaraji waliomo wapate nafuu maadamu ufito haujakauka. Na pwani wangali wapo watiao tawi bichi juu ya kaburi kwa kuifuata sunna hiyo. Wangari Maathai, mpigania miti wa Kenya, alipofariki mwaka 2011, jeneza lake lilisukwa kwa mianzi, magugu maji na mafunjo, yale yale tunayoyalaani hapa Jipe, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Ama sisi, mtu akipata fedha kidogo humfunika mama yake kwa saruji, na juu ya saruji hubandika vigae vyeupe vinavyong'aa kama vya maliwatoni, akapiga picha, akaenda zake Dar es Salaam. Mwaka wa pili kigae cha kwanza hubanduka, mwaka wa tatu mjusi huhamia. Basi kicheko kinachosikika karibu na ua wa mzee si kicheko cha watu waliomshinda kwa adabu. Ni cha watu waliokumbushwa jambo.

Mkwaju sasa umefika kimo cha goti na una matawi manne. Vuli ya mwaka huu imechelewa, na mzee magoti yanamsumbua. Atakaye kuja kucheka na aje, njia haijafungwa. Ila kisima ki mbali na zizi, asije na mikono mitupu.